Lipige kavu kwanza

Jumamosi asubuhi kijana wa kwaya alinijia kutoka Mwanjelwa, Mbeya, gitaa mgongoni. "Shikamoo fundi. Uzi wa nne hausikiki kwenye spika. Nadhani ekwaliza imekufa."

Nikamuuliza alilichaguaje. Alilinunua mtumba, Kariakoo, Dar es Salaam. Alilichagua kwa sababu ekwaliza yake, yaani vitufe vya kurekebisha sauti nzito na nyembamba, ilikuwa na vitufe vitano, na tyuna ya kulinganishia nyuzi, mengine yalikuwa na viwili tu. Je, alilipiga kavu, bila kulichomeka, kabla ya kulipa? Hapana. Muuzaji alimwambia gitaa la kuchomeka mbao zake hazina kazi, umeme ndio unaopiga.

Huyo ni wa tatu mwezi huu mmoja, na wote watatu wameniambia maneno yaleyale. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Umeme haupigi kitu. Magitaa mengi ya aina hii yana utepe mwembamba wa piezo chini ya kile kifupa cheupe cha darajani, nyuzi zinapokalia. Utepe huo hauna sumaku, wala hausikilizi tundu la sauti. Unachosikia ni mgandamizo. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa zinatoa umeme, na ni jambo hilohilo linalotokea darajani: uzi unatikisika, unakibana kifupa, kifupa kinaubana utepe, umeme kidogo mno unatoka kwenda kwenye priampu, kikuza sauti kidogo kilichomo ndani ya gitaa. Ekwaliza iko mwisho wa safari hiyo. Uzi usioubana utepe hauna cha kupeleka huko, hata ukiwekewa vitufe ishirini.

Basi nikalegeza nyuzi mbele yake, nikakivuta kifupa kwa koleo. Chini yake kulikuwa na kipande cha boksi la kiberiti, kimekunjwa mara mbili. Kilifika nusu ya njia tu. Uzi wa kwanza hadi wa tatu zilikaa juu ya kipande hicho, upande wa uzi wa sita kifupa kiligusa chini, na pale kipande kilipoishia, chini kabisa ya uzi wa nne, kifupa kilikuwa kinaning'inia. Nilikiweka juu ya kioo nikakielekeza dirishani ili kijana aone mwenyewe: hata bila kile kipande, mwanga ulikuwa unapita chini yake. Tako lake lilikuwa limepinda.

Lakini kwa nini mtu aliweka boksi la kiberiti? Kwa sababu nyuzi zilikuwa zinakwaruza freti, vile vyuma vya shingoni. Na zilikwaruza kwa sababu gitaa lilitoka kwenye unyevu wa pwani likaja kukaa Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, wakati wa kiangazi. Mbao zikakauka, kifua cha gitaa kikabonyea, nyuzi zikashuka. Ukilipeleka Kyela kwenye unyevu wa masika, kifua kitavimba na nyuzi zitapanda. Kwa hiyo ile "ekwaliza iliyokufa" ilianzia kwenye mbao, zilezile alizoambiwa hazina kazi. Nikachonga kifupa kipya cha mfupa wa ng'ombe, kirefu zaidi kwenda juu kwa nusu milimita, tako nikalisugua kwa msasa uliogandishwa juu ya kioo mpaka mwanga ukakatika. Uzi wa nne ukasema.

Kwa hiyo ukiwa dukani, lipige kavu kwanza, kila uzi kwenye kila freti. Chungulia shingo kutoka kichwani kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Kwenye freti ya 12, uzi mnene uwe juu ya freti karibu milimita 2.5 na mwembamba karibu 2. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao zimesinyaa. Ndipo uchomeke, uache ekwaliza katikati, uvute nyuzi sita kwa nguvu moja. Mmoja ukizama, ulizia kifupa. Vitufe vitazame mwisho.

Betri ya volti 9: chomoa waya ukimaliza ibada, maana jeki, tundu la kuchomekea, ndiyo swichi, na ukiuacha betri inaisha. Gitaa lisilo na betri lipitishe kwenye di-boksi, kisanduku kinachokaa kati ya gitaa na mikisa, la sivyo kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, litatoka jembamba kama redio ya mfukoni.

Limebaki swali la mbao nzima au plaiwudi, na hapa nimebadilika. Kwa miaka mingi nilimwambia kila mtu anunue kifua cha mbao nzima, na kwa anayepiga nyumbani bila spika bado nasema hivyo. Lakini kwaya? Kifua kinachotikisika vizuri kinatikiswa pia na spika zilizo nyuma yako, na mvumo unaanzia chini, karibu na hezi 100, fundi mitambo anashusha sauti na gitaa linapotea kabisa. Plaiwudi, ikiwa na mwili mwembamba, inatulia. Tena haipasuki kirahisi ikilazwa chumba chenye jiko la mkaa mwezi wa saba, na magitaa ya mbao nzima niliyoyaziba nyufa kwa sababu hiyo ni mengi kuliko ninavyopenda. Utepe wenyewe unasikia kifupa zaidi kuliko mwili wa gitaa, kwa hiyo ule utamu wa mbao uliolipia, sehemu yake kubwa haifiki kwenye spika. Mwalimu wa kwaya akiniuliza leo, namwambia achukue plaiwudi yenye shingo iliyonyooka, na pesa inayobaki anunue kava gumu.

Yule kijana nilimtoza kifupa na seti ya nyuzi. Ekwaliza sikuigusa.