Je, wajua kwa nini jaketi la rubani huonekana limekupungukia?

Umelivaa, umefunga zipu, umesimama mbele ya kioo mikono ikining'inia. Ukingo wa chini umeishia kwenye mkanda wa suruali, shati linachungulia kwa vidole viwili, na ukijinyoosha kidogo tu tumbo nalo linataka kutoka nje. Kichwani linakuja jibu moja: hili dogo, nipewe saizi inayofuata.

Kosa hilo nimelifanya. Nilirudisha jaketi la saizi 38 lililokuwa limenikaa sawasawa mabegani, nikachukua 42. Urefu uliongezeka kwa upana wa kidole, basi. Lakini mabega yalianguka, kifua kikavimba kama gunia lililojaa upepo, na kila nilipoinua mkono jaketi zima lilipanda nao hadi mbavuni. Ufupi ulibaki palepale, ila sasa lilikuwa linapwaya pia.

Jaketi lenyewe halikuwa na kosa. Lilikatwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, tena aliyevaa suruali ambayo mimi sivai.

Chukua A-2, mama wa majaketi haya. Jeshi la Marekani lilimpitishia rubani wake vazi hilo mwaka 1931, likachukua nafasi ya A-1 ya mwaka 1927 iliyokuwa ya vifungo. A-2 ilikuja na zipu, kola ya ngozi yenye vifungo vya kubonyeza vilivyofichwa, mifuko miwili ya kubandika, na mkanda wa sufu wa kufuma kiunoni na mwisho wa mikono. Ngozi mara nyingi ilikuwa ya farasi, nyingine ya mbuzi au ng'ombe. Mwaka 1943 jeshi liliacha kuagiza mapya likageukia majaketi ya kitambaa, lakini hadi leo mtu akisema jaketi la rubani, umbo linalomjia ni la A-2.

Sasa mfikirie huyo rubani kazini. Ameketi saa nyingi, mikanda ya kiti na ya parachuti imepita mapajani, kiunoni na mabegani. Jaketi refu lingekunjamana chini ya mikanda hiyo na zipu ingesukumwa juu mpaka kidevuni. Kwa hiyo likakatwa liishie kiunoni. Na kiuno cha wakati huo kilikuwa kiuno kweli: suruali za miaka ya 1930 na 1940 zilipanda hadi usawa wa kitovu, na mkanda wa sufu wa jaketi ukazifunika juu bila taabu. Suruali nyingi za siku hizi zinakaa nyongani. Lile pengo unaloliona kwenye kioo limeletwa na suruali. Vaa moja inayopanda kisha rudi pale pale ulipokuwa umesimama. Jaketi litakuwa limerefuka lenyewe.

Mikono nayo ina kisa chake, ila cha kinyume. Jaketi likiwa jipya mikono huonekana mirefu, inafunika mwanzo wa kiganja, na mnunuzi anaogopa. Rubani alinyoosha mikono mbele kushika usukani, na mkono ukinyooka mbele jaketi hurudi nyuma. Pia ngozi mpya haijajikunja. Baada ya wiki kadhaa za kuvaliwa, makunyanzi ya kwenye kiwiko huvuta mkono juu kwa sentimita moja au mbili. Anayenunua jaketi ambalo mikono yake inaishia kwenye mfupa wa kifundo barabara tangu siku ya kwanza, baadaye ataanza kuonyesha saa yake bila kupenda.

Sehemu inayoamua zaidi ya zote haionekani kwenye kioo: ni kwapa. Watu wengi hudhani kwapa kubwa, lililoshuka, ndilo linalompa mtu uhuru wa kuinua mkono. Sivyo. Kwapa likiwa juu, karibu na kwapa lako mwenyewe, mkono wa jaketi huzunguka peke yake na kiwiliwili hubaki kimetulia. Likishuka, ngozi ya ubavuni inakuwa imeunganishwa na mkono kama utando wa mguu wa bata. Ukiinua mkono, ubavu wote unafuata. Ndiyo maana saizi kubwa huzidisha tatizo ambalo mnunuzi alikuwa akilikimbia. Inua mkono kana kwamba unachukua kitu kwenye rafu ya juu. Ukingo wa chini ukipanda kidogo, hiyo ni kawaida. Ukipanda hadi mbavu, kwapa limeshuka mno, na hilo fundi hawezi kulitengeneza bila kulifumua jaketi nusu.

Mabegani A-2 inakusaidia yenyewe. Ina vipande vya ngozi vilivyoshonwa juu ya kila bega, na ncha yake ya nje huingia kwenye mshono wa mkono. Gusa pale ncha inapoishia. Ikiwa ni juu ya ule mfupa wa mwisho wa bega, au nje yake kwa unene wa kidole, umepata. Ikiwa imeteremka kuelekea mkononi, jaketi ni la mtu mwingine. Usijidanganye pia kwamba linalobana begani litaachia. Ngozi hulainika na kujipa nafasi kidogo mgongoni na kwenye viwiko, lakini mshono wa bega haunyooki.

Hapa kuna tofauti inayofaa kujua. Mgongo wa A-2 ni kipande kimoja cha ngozi kisicho na mikunjo, hivyo upana wa kunyoosha mikono mbele lazima uwemo ndani ya mgongo wenyewe. Jaketi la wanamaji wa Marekani, G-1, lile lenye kola ya manyoya, lina mikunjo miwili nyuma ya mabega inayofunguka mikono inapokwenda mbele. Linaweza kukushika zaidi kuliko A-2 na bado ukafanya kazi nalo. Ukilinganisha vipimo vya mgongo vya majaketi hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, utakosea.

Tuje kwenye namba. Namba ya lebo kwa desturi ni kifua cha mwili kwa inchi, si mzunguko wa jaketi. Saizi 38 ni ya mtu mwenye kifua cha sentimita 97 hivi. Pima kifua chako kwa futi kamba ya fundi, ikipita chini ya makwapa na juu ya sehemu pana ya kifua, usawa mmoja mbele na nyuma, huku unapumua kawaida (usivute kifua, hakuna anayekutazama). Kisha lilaze jaketi mezani, zipu imefungwa, upime kwapa hadi kwapa na uzidishe kwa mbili. Likiwa na sentimita 54, mzunguko ni 108. Kwa kifua cha 97 umebakiwa na nafasi ya sentimita 11. Kwa jaketi la mtindo wa A-2, kati ya 10 na 13 ndiyo nafasi ninayoipenda: inatosha shati na sweta jepesi, haitoshi sweta zito. Chini ya 8, zipu itavutwa hadi ifanye mawimbi hata ukiwa umesimama.

Lebo peke yake usiiamini. Hata enzi za vita A-2 zilishonwa na viwanda vingi, kama Rough Wear, Dubow na Star Sportswear, na kila kimoja kilikata kwa ruwaza yake. Wanaotengeneza nakala leo hufuata kiwanda hiki au kile, kwa hiyo 40 mbili zinaweza kutofautiana kabisa. Jeshi la Anga lilipoirudisha A-2 mwaka 1988 ilikuja na mkato mpana zaidi wa zama zake, na anayejifunza umbo la jaketi kutokana na hiyo atauona mkato wa miaka ya 1940 kama umepungukiwa kitambaa.

Yote haya hayahusu majaketi ya manyoya ya kondoo, kama B-3. Hayo yalivaliwa juu ya nguo kadhaa kwenye ndege za mabomu zilizokuwa wazi kwa baridi kali ya angani, na kupwaya ndiyo kazi yake.

Ukiwa na A-2 mkononi, acha kioo. Funga zipu hadi juu, kaa kwenye kiti cha kawaida, nyoosha mikono kana kwamba umeshika usukani. Zipu itachomoza kidogo tumboni; iache, ngozi haipindi kama pamba. Peleka mkono nyuma uguse kiunoni: mkanda wa sufu uwe bado umekishika. Tazama mwisho wa mikono: uwe kwenye mfupa wa kifundo. Vuta pumzi ndefu. Kama hakuna mshono uliolalamika, ng'oa lebo ya bei.