Je, wajua kwa nini pompu ya bluu peke yake ni hatari kwa mwenye pumu?

Mwenye pumu wa Goma ana mengi ya kumbana kifua: moshi wa makala kwenye mbabula, vumbi la mawe meusi ya volkano barabarani na, upepo ukielekea mjini, gesi ya salfa kutoka volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. (Si mazuku hiyo. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotuama mabondeni na kuua kwa kumkosesha mtu hewa.) Gesi ya salfa humbana mwenye pumu ndani ya dakika chache, hasa akiwa anapanda mlima au amebeba mzigo. Anatoa pompu ya bluu, salbutamoli, anavuta, kifua kinafunguka. Ubaya uko wapi?

Pumu ni mambo mawili kwa pamoja. Misuli inayozunguka vijia vya hewa hukaza, na utando wa ndani huvimba na kujaa makohozi mazito. Salbutamoli hulegeza misuli kwa saa 4 hadi 6, uvimbe haiugusi. Mgonjwa hujiona mzima huku uvimbe ukiendelea, na akivuta kila siku misuli huizoea dawa, hata siku ya kubanwa vikali pompu haimsaidii sana. GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, huhesabu makopo ya salbutamoli: anayemaliza matatu au zaidi kwa mwaka yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vikali, na anayefikisha 12 hatari yake ya kufa hupanda. Kwa kawaida kopo moja lina mivuto 200. Basi muuza dawa anayeiona sura ileile kila mwezi anajua jambo ambalo munganga wa mgonjwa huyo huenda halijui.

Mwaka 2019 GINA ikageuza desturi ya miongo mingi: kuanzia miaka 12, asiwepo mgonjwa anayetibiwa kwa salbutamoli tupu, hata kama pumu yake ni nyepesi. Badala yake kuna pompu moja yenye budesonidi, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, pamoja na formoteroli, inayofungua kifua haraka. Kila anapotafuta nafuu, anapata na dawa ya uvimbe bila kukumbushwa. Katika utafiti wa SYGMA 1, uliochapishwa 2018, njia hii ilipunguza mashambulio makali kwa karibu theluthi mbili ikilinganishwa na dawa ya kufungua kifua peke yake.

Kama farmasi haina pompu hiyo, au bei imemshinda mtu, kila anapovuta salbutamoli avute na beklometasoni, steroidi nyingine ya kupunguza uvimbe, papo hapo, kisha asukutue mdomo ili asiote utando mweupe wa fangasi. Vidonge vya salbutamoli na aminofilini mimi nisingeviandika: hutetemesha mikono, hukimbiza moyo, na uvimbe hubaki palepale. Sindano mpya za kibayolojia ni za pumu kali tu, na bei yake tuiache.

Mtoto asiyeweza kuvuta pompu sawasawa anahitaji chemba ya kupitishia dawa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inatosha: toboa kitako kiasi cha kuingia mdomo wa pompu bila kuacha nafasi, mtoto apumulie upande wa shingo ya chupa.