Droni Yako na Mtu Aliyepotea Majini

Mashua ikipinduka, au mtoto akisukumwa na upepo akiwa juu ya boya la kuchezea, siku hizi mara nyingi ufukweni hakosekani mtu mwenye droni kwenye begi. Nia yake ni njema, na kifaa alichonacho kinaweza kufaa kweli. Shida ni mpangilio wa mambo: hurusha kwanza, simu hupiga baadaye.

Anza na simu. Piga namba ya dharura ya mahali ulipo, au 112 ambayo inafanya kazi katika nchi nyingi. Kama uko chomboni, tumia redio ya VHF, chaneli 16. Droni ya kujifurahisha haimtoi mtu majini. Kinachomtoa ni boti, mwokoaji au helikopta. Kazi ya droni ni kuwaambia hao mtu yuko wapi. Kama hakuna aliyeitwa, utakachoambulia ni video ya mtu anayekufa.

Ujue pia ni nani hasa anayeweza kunufaika. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini anayezama kwa kawaida hatapatapi kwa namna inayoonekana kwa mbali. Frank Pia, mwokoaji wa ufukweni mjini New York aliyewachunguza watu wakizama, alieleza kwamba mtu huyo husimama wima majini, mdomo ukizama na kuibuka, bila kupiga kelele wala kupunga mkono, na hubaki juu ya maji kati ya sekunde 20 na 60 tu. Muda huo hautoshi hata kufungua begi. Droni inawafaa zaidi wanaoelea: mwenye jaketi la kujiokolea, aliyeshikilia mashua iliyopinduka, aliyepeperushwa na upepo akiwa juu ya ubao au kayaki. Hao wana dakika kadhaa, pengine saa, ingawa maji baridi huupunguza muda huo sana, maana mikono hufa ganzi mapema, na mtu asiye na jaketi akashindwa kujishikilia.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Januari 2018 huko Lennox Head, Australia, ambako droni iliwaangushia boya vijana wawili waliokuwa wamenaswa na mawimbi, wakalishika na kufika ufukweni. Ni kisa cha kweli na cha kutia moyo. Kinachosahaulika ni kwamba ile ilikuwa droni kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mikononi mwa waokoaji waliokuwa tayari mazoezini. Droni yako ndogo haikuundwa kubeba mzigo, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kuangusha kitu kutoka kwenye droni ya daraja la kawaida kunakatazwa kabisa. Usifunge kamba wala boya.

Sasa tuje kwenye kutafuta kwenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Rubani wa kujifurahisha hupenda kupanda juu ili aone eneo kubwa. Tupige hesabu. Chukua kamera inayoona upana wa nyuzi 73, ikitazama chini, na skrini yenye pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa upana. Ukiwa mita 120 juu, kimo ambacho nchi nyingi hukiweka kuwa kikomo, picha inafunika upana wa karibu mita 178, na kila pikseli ni zaidi ya sentimita 9 za maji. Kichwa cha mtu, ambacho mara nyingi ndicho pekee kilicho juu ya maji, kinakuwa pikseli mbili. Povu la wimbi dogo linaonekana vivyo hivyo. Shuka hadi mita 40 na upana unapungua kuwa karibu mita 59, lakini kichwa kinapata pikseli tano au sita, na hapo jicho lina kitu cha kushika. Simu yenye skrini ndogo kwenye jua kali inazidisha ugumu, kwa hiyo jitengenezee kivuli.

Usiangalie peke yako. Rubani anatakiwa kuitazama droni yenyewe angani. Mtu wa pili ndiye atazame skrini, kipande kwa kipande, bila kurukaruka. Rekodi kila kitu, maana kitu kilichopita bila kuonekana kinaweza kupatikana video ikirudiwa taratibu.

Mng'ao wa jua ni adui mwingine. Ukiruka ukilielekea jua, nusu ya picha itakuwa nyeupe tupu. Geuza njia ili jua liwe nyuma ya kamera. Kichujio cha kupunguza mng'ao kinasaidia sana, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na faida. Kamera ya joto je? Inasaidia usiku, lakini si kama watu wanavyodhani. Mionzi ya joto haipenyi maji, kwa hiyo kamera hiyo itaona kichwa na mabega tu, na ngozi iliyolowa ikipoa inakaribiana joto na maji yenyewe. Aliye chini ya uso wa maji haonekani kabisa.

Wapi uanze kutafuta ni muhimu kuliko kamera uliyonayo. Ukiruka mita 5 kwa sekunde kwa dakika 15, ukipishanisha mistari yako kwa mita 45, utakuwa umefunika takriban hekta 20. Baharini, hilo ni eneo dogo mno. Wakati huohuo mkondo wa kilomita 2 kwa saa unamsogeza mtu mita 500 katika hiyo robo saa. Anayetafuta pale mtu alipoonekana mwisho, bila kuhesabu mkondo, anatafuta mahali ambapo hapana mtu.

Kwa hiyo mtafute shahidi. Mwombe asimame palepale alipokuwa alipomwona mtu, anyooshe mkono, na akutajie alama iliyo mbele au nyuma ya mstari huo. Muulize saa. Kisha tazama majani au povu linavyoelea uone maji yanaenda wapi. Kumbuka kwamba vitu haviendi sawa: mtu aliyezama hadi shingoni hufuata zaidi mkondo, lakini boya lenye hewa au ubao mtupu hukimbizwa na upepo. Ukiliona boya peke yake, mwenyewe huenda yuko mbali upande upepo unakotoka. Ukiwa na uhakika wa mahali pa kuanzia, zunguka kwa mraba unaopanuka kutoka hapo. Ukiwa na eneo tu bila alama, nenda na kurudi kwa mistari sambamba, kama mkulima anayefuata matuta yake. Kwenye ufuko wenye mawimbi, angalia pia mapengo meusi ambamo mawimbi hayavunjiki: mara nyingi ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu na kuwachukua waogeleaji.

Umemwona. Hapa kuna kosa dogo lenye gharama kubwa. Namba za latitudo na longitudo unazoziona kwenye skrini ni za droni, si za mtu. Ukiwa mita 60 juu na kamera imeinama nyuzi 45, mtu huyo yuko mita 60 mbele ya namba unazozisoma. Peleka droni juu yake, elekeza kamera chini moja kwa moja, ndipo usome, uandike na uzitume kwa waokoaji pamoja na saa. Rudia kila baada ya dakika chache, maana anasogea. Usishuke sana: upepo wa rafadha, yaani mapanga ya droni, na kelele havimsaidii, na droni ikimwangukia utakuwa umemwongezea balaa. Kaa juu yake kwa umbali wa kutosha, taa zikiwaka. Boti inaweza kufuata droni inayoonekana kwa urahisi kuliko kufuata kichwa, na mtu akijua ameonekana hujikaza.

Kuhusu droni yenyewe, maneno machache. Upepo juu ya maji huwa mkali kuliko unavyouhisi ufukweni, na ukivuma kutoka nchi kavu utarudi ukipambana nao. Anza kurudi betri ikiwa bado na chaji nyingi kuliko ulivyozoea. Vihisi vya chini vinavyoisaidia droni kujua kimo huchanganywa na maji yanayometa, hivyo usiruke mita mbili tatu juu ya mawimbi. Ukirusha kutoka kwenye boti, kumbuka kuwa amri ya kurudi nyumbani huipeleka droni pale ilipoanzia, wala si boti ilipo sasa. Wengi wameipoteza hivyo.

Helikopta au ndege ikitokea, tua. Usisubiri kuambiwa, wala usidhani rubani wake anakuona. Mnamo Januari 2025, huko Los Angeles, droni ndogo iligonga bawa la ndege ya kuzima moto na kulitoboa, ndege ikaondolewa kazini wakati moto ukiwaka. Katika uokoaji wa majini, helikopta huruka chini, kimo kilekile unachotumia wewe, na waokoaji wakijua kuna droni isiyojulikana wanaweza kulazimika kukaa mbali. Ndiyo maana kwenye ile simu ya mwanzo unapaswa kutaja kwamba una droni, uko wapi na unaruka kimo gani. Wakikuambia usirushe, usirushe.

Video mpe anayeongoza uokoaji, faili nzima bila kukatwa, na usiiweke mtandaoni. Familia isijulishwe kifo cha mtu wao na kipande cha sekunde 30 kwenye simu ya jirani.