Mama anaposafiri na mtoto anayenyonya akabaki nyumbani

Swali huletwa kliniki likiwa limeshajijibu nusu: "Mwanangu ana mwaka na miezi minne, bado ananyonya, na mwezi ujao natakiwa kusafiri siku tatu. Nianze lini kumwachisha?" Mama ameshakata shauri kwamba safari na ziwa havikai pamoja. Vinakaa. Siku mbili au tatu, hata wiki nzima, si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa, na wengi wa umri huo mama akirudi huendelea pale walipoishia. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anyonye hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Katika muda wote huo ni mama gani asiyepatwa na msiba, semina, mtihani au mzazi mgonjwa wa kumtoa nyumbani?

Tutofautishe kwanza umri. Mtoto aliye chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, na safari ya mama wa mtoto huyo inahitaji mpango mwingine kabisa. Huyu aliyevuka mwaka anakula. Kati ya miezi 12 na 24 maziwa ya mama humpa takriban theluthi moja ya nishati anayohitaji kwa siku. Iliyobaki inatoka kwenye sahani. Mama akiwa mbali, mtoto apewe milo yake mitatu au minne, kitu chepesi mara moja au mbili katikati, maji, na maziwa ya mnyama yaliyochemshwa au yaliyosindikwa ili kuua vijidudu. Anywe kwa kikombe. Hakuna haja ya kumwanzishia chupa katika umri huu, wala ya kununua yale maziwa ya kopo yanayouzwa kwa watoto waliovuka mwaka.

Kwa hiyo "atakula nini?" ndiyo hofu ndogo kuliko zote. Panapohitaji kazi ni pawili: usingizi wa mtoto na matiti ya mama.

Mtoto wa mwaka na nusu hanyonyi kwa njaa tu. Ananyonya ili alale, ameanguka, amemwona mgeni, au kwa sababu mama amekaa chini. Siku tatu bila mama maana yake mlezi lazima awe na njia ya kumlaza isiyopitia kwenye titi, na njia hiyo haipatikani usiku wa kwanza wa safari. Ianze kutafutwa wiki mbili kabla. Anza na usingizi wa mchana: mama atoke nje ya nyumba, asijifiche chumba cha pili anakosikika akikohoa. Mlezi ampitishe mtoto katika mtiririko ule ule aliouzoea, kuoga, nguo za kulalia, wimbo, taa kuzimwa, ila pale penye ziwa aweke lake: kumpigapiga mgongoni, kutembea naye chumbani, kikombe cha maji. Mchana ukizoeleka, jaribuni usiku mmoja. Mara nyingi mtoto hukubali kwa baba au bibi jambo ambalo kwa mama angeligomea, kwa sababu huyo mwingine hanuki maziwa.

Atalia? Huenda. Mlezi anayeagizwa "asilie hata kidogo" amepewa kazi isiyowezekana, na mtoto ataihisi hofu yake. Kulia ukiwa mikononi mwa mtu anayekupenda si sawa na kulia peke yako gizani. Mwambieni hivyo mlezi, maana saa nane za usiku ndipo atakapolihitaji neno hilo.

Siku ya kuondoka, usitoroke. Wengi huvizia mtoto asinzie ndipo wabebe begi. Uchungu wa kuachwa huwa mkali hasa kati ya miezi 10 na 18, na mtoto aliyeamka akakuta mama ametoweka huanza kulinda: hataki ushuke kitandani, hataki uende hata chooni. Muage kwa maneno machache, mkabidhi kwa mlezi, ondoka. Simu ya video nayo ipimwe kwa mtoto mwenyewe. Wapo wanaocheka na kubusu kioo, wapo wanaoona uso wa mama na papo hapo kudai ziwa. Huyo wa pili asipigiwe simu karibu na saa ya kulala.

Sasa matiti, ambayo kwa uzoefu wetu ndiyo yanayosahaulika. Mama mmoja alitupigia siku ya pili ya semina, amejifungia chooni, matiti magumu kama ubao. Hakubeba pampu kwa kuwa, kwa maneno yake, "mtoto ananyonya mara mbili tu". Tulipomwomba ahesabu na usiku, zikawa mara sita. Alikuwa amehesabu zile mara alizokuwa macho! Kabla ya safari, kwa siku mbili, andika kila mara mtoto anaposhika titi, mchana na usiku. Idadi hiyo ndiyo itakayokuambia utateseka au la. Anayenyonyesha mara moja au mbili kwa siku anaweza kumaliza safari bila shida. Ambaye mtoto wake ananyonya usiku kucha atajaa kabla ya kifungua kinywa cha kwanza.

Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Likijaa na kuachwa hivyo, hupunguza utengenezaji. Kwa usiku mmoja hilo halina uzito. Kwa siku nne au tano bila kukamua, maziwa yanaweza kupungua sana. Anayetaka kuendelea kunyonyesha akamue karibu na saa zile mtoto alizozoea, au walau mara tatu hadi nne kwa siku, mojawapo ikiwa kabla ya kulala.

Pampu inasaidia, lakini mkono ni lazima uujue, kwa sababu hauishiwi chaji. Nawa. Kaa, inama mbele kidogo, vuta pumzi, angalia picha ya mtoto ukiwa nayo; homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa yatoke haipendi haraka wala wasiwasi. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma kuelekea kifuani, kisha kutanisha vidole, kisha legeza. Usiteleze juu ya ngozi, na usivute chuchu. Dakika ya kwanza yanaweza kutoka matone tu; endelea, kisha zungusha vidole upande mwingine. Ukiona hutoi kama mtoto anavyotoa, usihesabu hilo kuwa upungufu. Hakuna mkono wala mashine inayofanya kazi kama mdomo wa mtoto aliyezoea.

Maziwa uliyokamua ukitaka kuyarudisha nyumbani, yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, uandike siku na saa. Kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 yanakaa saa 4, kwenye jokofu hadi siku 4, na kwenye mfuko wa kuhifadhi ubaridi wenye vipande vya barafu hadi saa 24. Kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Yaliyoyeyushwa hayagandishwi tena. Wakati wa kumpa mtoto, yapashwe kwa kutumbukiza chombo kwenye maji ya vuguvugu. Maikrowevu huyapasha bila usawa, na sehemu iliyochemka humuunguza mdomo. Huna mahali pa kuyahifadhi? Mwaga, bila kujilaumu. Lengo la kukamua safarini ni titi, na mtoto aliyevuka mwaka hahitaji akiba hiyo ili aishi.

Sehemu ya titi ikiwa ngumu na kuuma, kamua kiasi cha kupata nafuu, weka kitambaa cha baridi, na unaweza kumeza paracetamol au ibuprofeni kama huna sababu ya kiafya ya kuziepuka. Usiliminye wala kulikanda kwa nguvu, uvimbe huongezeka. Ila ukipata homa, baridi ya mwili, na wekundu unaosambaa, na usione nafuu ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya hapo hapo ulipo, usingoje kurudi. Antibayotiki zinazotumiwa zaidi kwa tatizo hilo hazimzuii mama kunyonyesha.

Jambo moja tunaulizwa kila safari: je, maziwa yaliyokaa titini siku tatu hayajaharibika? Kuna wanaoambiwa wayamwage yote kwanza, au wasimnyonyeshe mtoto siku hiyo ya kurudi. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Titi si chupa. Ni kiungo hai, chenye damu inayopita na maziwa yanayotengenezwa saa zote. Kwa siku chache ladha inaweza kuelekea kwenye chumvi kidogo ikiwa titi lilijaa sana, na mtoto anaweza kukunja uso. Hayamdhuru.

Kurudi kwenyewe hakufanani kwa watoto wote. Mmoja atakurukia akufungue vifungo mlangoni. Mwingine atakuangalia, ageuze uso, na kumkumbatia mlezi, na hapo mama wengi hulia. Mpe nafasi. Kaa sakafuni karibu naye, cheza, usimwite mara kumi. Akisusa ziwa, usimlazimishe wala kumzuilia chakula. Mpe titi akiwa na usingizi, chumba kikiwa kimya, ngozi kwa ngozi, huku ukiendelea kukamua ili maziwa yasikatike. Wengi hurudi ndani ya siku chache. Wengine hufanya kinyume: hunyonya kila saa kwa wiki nzima, na huko ndiko kunakorudisha maziwa yaliyopungua.

Na yupo mtoto, hasa aliyekaribia miaka 2, ambaye hataulizia tena. Akikataa kwa utulivu siku baada ya siku na anakula vizuri, huenda amemaliza. Mama naye asiache kukamua ghafla: apunguze zamu moja ya kukamua kila baada ya siku mbili au tatu, akitoa kiasi cha kuondoa mbano tu, mpaka titi lenyewe litulie.