Je, wajua kwa nini daktari hukukatiza kabla hujamaliza kujieleza?

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo 74 yaliyorekodiwa kati ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani, mgonjwa alizungumza sekunde 18 tu kabla ya daktari kumkatiza. Katika mazungumzo 17 peke yake, yaani asilimia 23, ndipo mgonjwa alipata nafasi ya kumaliza maelezo yake ya mwanzo.

Sasa linganisha na utafiti wa Uswisi wa mwaka 2002. Huko madaktari waliambiwa wanyamaze mpaka mgonjwa mwenyewe aseme amemaliza. Wagonjwa walikuwa 335, na kwa wastani walitumia sekunde 92. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika 2. Kwa hiyo ile hofu kwamba mgonjwa akiachiwa atazungumza mpaka jioni haina msingi.

Basi kwa nini anakatiza? Foleni ndefu nje ni sababu mojawapo, lakini si yote. Tangu unapotamka neno la kwanza, kichwani mwa daktari orodha ya magonjwa inaanza kujipanga. Ukisema kifua kinauma, tayari anafikiria moyo, mapafu, misuli ya mbavu na kiungulia. Anataka kujua upesi aifuate njia ipi, ndipo anauliza: “Kinauma ukivuta pumzi?” Swali lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba amechukulia ulichotaja kwanza ndicho kikuu, na wagonjwa wengi huanza na lile jepesi kusemeka.

Hasara yake ni kubwa, kwa sababu maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza na mara nyingi ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walifuatilia wagonjwa wapya 80. Kwa 66 kati yao, ugonjwa uliothibitishwa mwishoni ulikuwa umeshatambuliwa kutokana na barua ya rufaa na mazungumzo peke yake. Kuwagusa na kuwapima mwili kulibadilisha utambuzi kwa wagonjwa 7, na vipimo vya maabara kwa wengine 7. Siku hizi vipimo ni vingi na bora zaidi, lakini bado ni maelezo yako yanayomwongoza daktari achague kipi.

Kwa kuwa huwezi kumzuia daktari asikukatize, panga sekunde zako za mwanzo. Tuchukue maumivu ya tumbo. Mgonjwa mmoja anasema: “Daktari, tumbo linanisumbua sana, hata sijalala.” Ni kweli tupu, ila haimsaidii daktari kuondoa hata ugonjwa mmoja kwenye orodha. Mwingine anasema: “Tumbo lilianza kuuma jana jioni hapa kitovuni. Usiku maumivu yakahamia hapa chini kulia. Baadaye nikatapika mara mbili, na nikikohoa yanazidi.” Kila kipande hapo kina kazi. Maumivu yanayoanza kitovuni kisha yakahama kwenda chini kulia ndiyo njia ya kawaida ya kidole tumbo kilichovimba. Kutapika kulikuja baada ya maumivu, ilhali kwenye maambukizi ya kawaida ya tumbo mara nyingi kutapika hutangulia. Na maumivu yanayozidi kwa kukohoa yanaashiria kwamba utando unaofunika viungo vya tumbo umeshaguswa. Maelezo hayo hayafiki nusu dakika, na daktari anajua mkono wake uanzie wapi.

Kwa maumivu yoyote, fuata mpangilio huohuo: wapi (nyooshea kidole kimoja kama unaweza), tangu lini, yalianza ghafla au polepole, yanaenda wapi, kipi kinayaongeza na kipi kinayapunguza, na nini kingine kimeambatana nayo. Taja tarehe au idadi ya siku. “Muda mrefu” kwa mmoja ni siku tatu, kwa mwingine miaka miwili. Kuhusu ukali, madaktari huomba namba kati ya 0 na 10, lakini kinachosaidia zaidi ni kusema umeshindwa kufanya nini: “Zamani nilipanda ngazi zote bila kupumzika, sasa nasimama mara mbili njiani.” Kwa kizunguzungu, eleza kama chumba kinazunguka au unaona giza kama unataka kuzimia unaposimama. Cha kwanza humwelekeza kwenye sikio la ndani; cha pili kwenye presha, upungufu wa damu au wa maji mwilini.

Na ukiwa na mambo zaidi ya moja, yataje yote mwanzoni kwa sentensi moja: “Nina mambo matatu: goti, usingizi, na uvimbe kwenye titi. La uvimbe ndilo linalonitia hofu.” Madaktari wote wanalijua jambo linalosemwa mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Mara nyingi ndilo lililomleta mtu: damu kwenye choo, nguvu za kiume, mawazo ya kujidhuru. Likisemwa wakati huo, muda umeshakwisha. Kama aibu inakuzuia, anza na aibu yenyewe: “Kuna jambo naona haya kulisema.” Daktari mzuri atatulia. Kama uliyekuja naye hapaswi kusikia, omba abaki nje kidogo. Hilo ni ombi la kawaida kabisa.

Ukikatizwa, jibu swali kwa ufupi, kisha rudi ulipokuwa: “Sawa daktari, naomba nimalizie, limebaki moja.” Si utovu wa adabu.

Kwenye dawa ndipo watu huficha zaidi, na ndipo kuficha kunapodhuru haraka. Beba pakiti zenyewe, za hospitali, za dukani na za asili, badala ya kusema “vile vidonge vyeupe”. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Ukiongeza na paracetamol ya kawaida unaweza kupita kiwango cha juu cha mtu mzima, gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ini likaumia. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Dawa za nguvu za kiume kama sildenafil, zikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati, zinaweza kushusha presha kwa kiwango cha kuua. Daktari wa dharura anayekuuliza kuhusu hizo hakuchunguzi maisha yako; anataka kujua ni sindano gani asikuchome.

Vilevile sema ukweli kuhusu dozi ulizoruka. Fikiria mgonjwa wa presha anayemeza siku tatu kwa wiki lakini anasema anameza kila siku. Daktari anaona presha haishuki, anaongeza dozi. Siku mgonjwa atakapoamua kumeza zote sawasawa, presha itaporomoka na ataanguka. Sema tu: “Huwa nasahau za jioni,” au “Zinanifanya nikojoe usiku kucha,” au “Sina uwezo wa kuzinunua zote.” Kila sababu ina ufumbuzi wake, na hakuna hata mmoja ambao ni kuongeza dozi.

Aleji nayo ieleze kwa kilichotokea. Wengi walioandikiwa kwamba wana aleji ya penicillin hukutwa hawana wanapopimwa. Mara nyingi ilikuwa kichefuchefu, au vipele vya ugonjwa wenyewe. Kuvimba midomo na kubanwa pumzi dakika chache baada ya dawa ni habari nyingine kabisa, na daktari lazima azitofautishe.

Upo wakati mpangilio wote huu unawekwa kando. Uso ukilegea upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, kimbia hospitali, na jambo la kwanza kusema ni saa: mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kuanza. Kama aliamka hivyo, saa inayohesabiwa ni ile aliyolala akiwa mzima, kwa hiyo usikisie. Maumivu ya kifua yanayokandamiza na kwenda mkononi au tayani pamoja na jasho, au kichwa kinachofikia kilele cha maumivu ndani ya dakika moja, nayo hayasubiri foleni. Mwambie muuguzi wa mapokezi kwa maneno hayohayo.

Ikifika zamu ya daktari kueleza, tatizo linageuka. Tafiti zimeonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya anayoambiwa mgonjwa husahaulika mara moja, na hofu huzidisha: mtu akishasikia neno “saratani”, yanayofuata humpita. Andika, au nenda na mtu wa kukusaidia kusikiliza. Kabla ya kuinuka, rudia ulichoelewa kwa maneno yako: “Kwa hiyo hiki nameza asubuhi na usiku baada ya chakula, kwa siku saba, na nikipata vipele nasimamisha na kurudi. Ni sawa?” Makosa mengi hugundulika hapo. Dawa ya mara tatu kwa siku, uliza ni kila baada ya saa 8 au wakati wa milo, maana si dawa zote zinafanana.

Maswali matatu yanatosha kwa ugonjwa mpya: Unadhani ni nini, na kingine kinachoweza kuwa ni kipi? Dalili gani zikitokea nirudi bila kusubiri? Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yangu? Swali la mwisho humfanya daktari akueleze mpango wake, na wakati mwingine hugundua mwenyewe kwamba kipimo hakihitajiki.

Ukipimwa, usiondoke bila kujua majibu yatatoka lini, utayapataje na nani atakueleza. Usichukulie kwamba ukimya maana yake ni salama. Majibu hupotea, namba za simu hukosewa, daktari aliyeagiza kipimo hubadilishwa zamu. Siku iliyotajwa ikipita bila taarifa, piga simu au rudi ukayaulizie.