Jamani, NADH na NADPH si kitu kimoja

Nimesahihisha tena ripoti ya maabara iliyojaa "NAD(P)H", yaani yoyote kati ya hizo mbili, mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mwandishi aliogopa kuchagua. Ukiuliza, jibu ni lilelile: zote ni molekuli zinazobeba elektroni ndani ya seli, tofauti ni fosfeti moja tu iliyo kwenye NADPH.

Tu! Ni kweli fosfeti hiyo haigusi pete ya nikotinamidi, sehemu ya molekuli inayopokea hidridi (hidrojeni yenye elektroni mbili). Imening'inia kule kwenye ribosi, sukari iliyoshikana na adenini. Ndiyo maana volteji yao ya redoksi (kipimo cha wepesi wa kutoa elektroni) haipishani, karibu milivolti −320, na spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, kwenye nanomita 340 haizitofautishi. Basi watu wakiona mashine haioni tofauti, wanadhani seli nayo haioni.

Seli inaona. Vimeng'enya vingi huikagua fosfeti hiyo na kuikataa koenzaimu (molekuli msaidizi) isiyo yao. Kwa hiyo, ndani ya saitosoli (majimaji ya seli) ileile, NAD+, yaani NADH iliyokwisha kutoa elektroni, hubaki nyingi kuliko NADH ili glukosi iendelee kuvunjwa, huku NADPH ikizidi NADP+, ambayo nayo imekwisha kutoa elektroni, ili mafuta yajengwe na glutathioni (kinga ya seli dhidi ya oksidisho) irudishiwe elektroni zake. Zingekuwa kitu kimoja, kazi hizo mbili zingekwamishana.

Anayebisha amtazame mwenye upungufu wa kimeng'enya G6PD. Chembe zake nyekundu za damu hazina mitokondria, na NADPH yao hutoka kwenye njia ya pentosi (njia nyingine ya kutumia glukosi), ambayo mlango wake ni G6PD hiyohiyo. Dozi za primakwini, dawa ya malaria, zikiendelea, glutathioni inaisha, chembe zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi. NADH ya glikolisisi (uvunjaji wa kawaida wa glukosi) ipo, lakini kwa glutathioni haifui dafu.

Na nyie mnaonukuu uwiano wa 700 wa NAD+ kwa NADH katika saitosoli ya ini: haukupimwa moja kwa moja. Umekokotolewa kutokana na laktati na piruveti, kwa kudhani LDH, kimeng'enya kinachobadilisha piruveti kuwa laktati na kinyume chake, imefikia msawazo. Saga ini lenyewe upime, utapata uwiano mdogo mno, maana NADH nyingi imeshikwa na protini na mitokondria nazo zimechanganyika humo. Mimi huufundisha uwiano huo, ila msawazo wenyewe siuamini sana, hasa kwa seli za saratani zinazomwaga laktati nje bila kupumzika.



Kwenye ripoti, taja kimeng'enya kwanza. Ukitumia LDH, andika NADH. Ukipima G6PD ya binadamu, andika NADPH. Ile ya bakteria Leuconostoc mesenteroides hupokea NAD+ na NADP+ zote. Ukiitumia hiyo, mabano yako nitayasamehe.