Wazo lako halina mwizi

Jumamosi iliyopita alikuja kijana mwingine, anataka ushauri wa programu aliyoitengeneza. Tulikaa uani kwangu, Kamalondo, hapa Lubumbashi, yeye kompyuta ameipakata magotini. Nikamwomba anionyeshe alichotengeneza. Akaishusha skrini nusu, akaweka kiganja juu yake, na kwa mkono wa pili akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. "Yaya, kwanza usaini hapa." (Yaya kwetu ni mtu aliyekuzidi umri, si mlezi wa watoto.) Ilikuwa ahadi ya kutunza siri, kurasa mbili, zimechapwa vizuri kabisa. Programu yenyewe ina miezi saba, na hajamwonyesha mtu hata mmoja.

Tangu mwaka uanze huyu ni wa nne. Nimemjibu kama nilivyowajibu wenzake: sisaini, kwa sababu hapo hakuna cha kuibwa.

Najua jibu hilo linauma. Mtu amekesha na wazo lake, amelinunulia mega za intaneti kwa pesa ya chakula, halafu anaambiwa halina mwizi. Lakini kwa niliyoyaona Lubumbashi, woga huu umeua kazi nyingi za vijana kuliko kukatika kwa umeme. "Wakiliona wataliiba." Nani ataliiba? Anayeweza kuandika programu ana mawazo yake kumi ambayo hajayagusa. Mwenye mtaji anataka kwanza aone wateja wanalipa. Na yule mama wa sokoni unayemtengenezea hana haja na msimbo wako, yale maandishi yanayoiendesha programu, ana haja hesabu yake ikae sawa. Kuuza unga kwa simu, kukumbusha wazazi ada za shule, kutafuta nyumba ya kupanga: mambo haya kila mmoja wetu ameshayawaza. Kinachokosekana ni mtu wa kuyafanya mwaka mzima, akipokea simu ya mteja saa nne usiku.

Sheria nayo hailindi wazo tupu. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa haki za ubunifu katika biashara, unaotuhusu kwa kuwa Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, unasema wazi katika kifungu cha 9 kwamba hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Msimbo ulioandika ni wako. Michoro na maandishi ni yako. Wazo la kuuza unga kwa simu ni la kila mtu. Karatasi ya siri ina mahali pake: unapomkabidhi mtu msimbo wenyewe, orodha ya wateja, au neno la siri la seva, ile kompyuta inayobeba programu yako mtandaoni. Ukimpa mtu uliyemjia kwa ushauri, unamfukuza tu.

Tazama waliofanikiwa wakiwa peke yao. Craigslist, tovuti ya matangazo madogo, ilianza 1995 Craig Newmark akiwatumia marafiki zake wa San Francisco barua pepe za matukio ya mjini. Nomad List ya Pieter Levels, 2014, tovuti ya kulinganisha miji kwa wanaofanya kazi mtandaoni wakihamahama, ilianza kama jedwali la mtandaoni lililo wazi, na watu wenyewe ndio waliojaza taarifa za miji yao. Mtu yeyote angeweza kulinakili lote siku hiyohiyo. Yeye akaendelea kulijenga, na jedwali likawa biashara.

Hata Google haikupi nafasi ya kujificha. Ukifungua leo akaunti binafsi ya msanidi, yaani mtengeneza programu, kwenye Play Store, huwezi kuachia programu kwa umma kabla watu wasiopungua 12 hawajajiunga kuijaribu kwa siku 14 mfululizo. Sharti hilo linawahusu wote waliofungua akaunti binafsi tangu katikati ya Novemba 2023, na mwanzoni walikuwa wanadai watu 20. Mmoja wa hao wanne nilipomwambia, alinyamaza muda mrefu. Hakuwa na watu 12 wa kuwaomba, maana kwa karibu mwaka mzima hakumwambia mtu.

Mficha uchi hazai. Wazee walikuwa wanasema mambo mengine, lakini kwa kazi yetu sijapata maneno yaliyo sahihi zaidi.

Nieleze kidogo kilichonifanya nisiwe na subira na jambo hili. Kijana mmoja niliyemsaidia alijifungia miezi kumi na moja akitengeneza programu ya wauza unga wa mahindi. Siku aliyokubali tutoke nayo, tulikwenda soko la Kenya (mtaa wetu wa hapa mjini, si ile nchi) kwa mama mmoja mwenye meza karibu na lango. Mama akafuta mikono, akashika simu, akasoma taratibu. Akauliza: "Kilo? Kilo ya nini? Mimi nauza kwa meka, na kwa mfuko." Meka ni chombo chetu cha kupimia unga sokoni. Kisha akavuta daftari lake chini ya meza, la kurasa za mraba, limelowa pembeni. Majina upande wa kushoto, idadi ya meka katikati, upande wa kulia alama ya mstari kwa aliyelipa. Zaidi ya nusu ya mistari haikuwa na alama. Wale ni wa mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka.

Programu ya kijana haikujua meka. Haikujua mfuko. Haikujua deni: ilidai kila mauzo yalipwe papo hapo, la sivyo haikuyahifadhi. Na kwa vile bei kwa kilo ilikuwa imezama kwenye kila jedwali la hifadhidata yake, kurekebisha kulimchukua wiki nyingi, na mengine ilibidi ayaandike upya kabisa. Daftari lile lilikuwa pale tangu siku ya kwanza, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Nilimwonea huruma sana, na hadi leo nikimwona mtu anafunika skrini kwa kiganja, namkumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nami siuachi: kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, tafuta watu watano wanaoifanya kazi hiyo sasa kwa daftari au kwa ujumbe wa WhatsApp. Omba ruhusa upige picha ukurasa mmoja, majina yafunikwe. Majedwali yako yatoke kwenye ukurasa huo. Ukikosa watu watano, umejua mapema kwamba tatizo hilo labda ni lako peke yako.

Sasa haya madai mengine, maana nayo nayasikia kila wiki.

"Lazima iwe programu ya Android na ya iPhone." Hapana. Anza na tovuti nyepesi inayofunguka vizuri kwenye simu. Play Store inadai dola 25 mara moja, Apple inadai dola 99 kila mwaka, na mteja wako anahesabu mega kabla ya kupakua kitu. Kiungo kimoja kwenye WhatsApp kinatosha kukupa wateja ishirini wa kwanza.

"Malipo nitayashughulikia mwisho." Hili ni kosa la gharama. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuelekeza Stripe, huduma ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haimfungulii akaunti mfanyabiashara aliyesajiliwa Kongo. Wateja wako wako M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kuunganisha programu yako na huduma hizo kunadai makaratasi na muda. Usingoje. Mwezi wa kwanza pokea kwa namba yako, fungua akaunti ya kila mteja kwa mkono, ila angalia salio lako mwenyewe kila mara. Picha ya ujumbe wa malipo anayokutumia mtu si malipo, na nimeona wawili wakitapeliwa hivyo.

"Kwanza bure, wakizoea nitawatoza." Waliozoea bure hukasirika. Taja bei siku ya kwanza, hata franka kidogo. Anayekataa kulipa anakufundisha jambo kuliko mia wanaosema programu ni nzuri.

"Siwezi kuanza bila kampuni kamili." Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambao nchi yetu imo tangu 2012, ina hadhi ya *entreprenant* kwa mtu mmoja mwenye shughuli ndogo: unatoa tamko la shughuli zako, hulazimiki kujisajili kwenye rejista ya biashara kama kampuni. Nenda guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, ukaulize wanataka nini mkononi.

"Nitahitaji seva kubwa." Seva ndogo ya kukodi ya dola 5 hadi 10 kwa mwezi, yenye PostgreSQL au hata SQLite (programu za kutunza hifadhidata), itawabeba wateja wako wa mwaka wa kwanza bila kutoka jasho. Usiiweke kwenye kompyuta ya nyumbani. Umeme wetu unaujua. Muda ambao ungeutumia kupanga seva tano, utumie kwenye nakala ya akiba: hifadhidata inakiliwa kila usiku, inapelekwa mahali pengine nje ya seva hiyo, na mara moja kwa mwezi unaichukua nakala na kuirejesha kwenye kompyuta yako uone kama inafunguka. Fanya jaribio hilo kabla mteja wa kwanza hajalipa. Baada ya hapo utakuwa umeshika kumbukumbu za madeni ya watu wengine, na daftari lao watakuwa wameshaacha kuliandika.